Bunduki ya sponji: nimeiongezea springi na mtutu mrefu, sasa inapiga karibu kuliko mwanzo. Kwa nini?

#1 Mkazi wa Sakina
Wakuu habari za jioni. Swali la kitoto lakini linaninyima raha.

Kijana wangu ana bunduki ya sponji, Nerf ya kukoki kwa mkono. Tuliipata mtumbani Krokoni hapa Arusha ikiwa nzima, kasoro stika tu. Ilikuwa inapiga vizuri: ukisimama barazani kishale kinagonga geti. Nikaona niiongezee nguvu. Nimefungua skrubu kwa bisibisi ya nyota, nikang'oa kizuizi cha hewa kilichoko nyuma ya mtutu (kile kipini chenye kaspringi kadogo), nikachomeka springi ya pili ndani ya ile ya kiwandani, nikazungusha tredi tepu (ule utepe mweupe wa mafundi bomba) kwenye oringi, pete ya mpira ya pistoni, halafu nikaipa mtutu mpya wa bomba la PPR la nusu inchi, urefu kama sentimita 40.

Kukoki sasa mtoto hawezi, ni mpaka mimi. Mlio ni mkubwa. Lakini kishale kinaanguka pale kwenye koki ya maji, hata katikati ya uwanja hakifiki. Inakuwaje niongeze nguvu halafu umbali upungue?

#2 Dogo Mianzini
Naweka kiti hapa. Nimeona neno bunduki nikaingia mbio, kumbe sponji.

#3 Fundi Bomba
Mkuu, umejibu mwenyewe kwenye mstari wa mwisho wa maelezo. Ni huo mtutu.

Bomba la PPR la 20 mm, lile nene la maji ya moto, ukuta wake ni 3.4 mm, kwa hiyo tundu ni 13.2 mm. Piga hesabu ya eneo, zidisha kwa sentimita 40, unapata karibu sentimita za ujazo 55. Sasa silinda ya hiyo bunduki ina hewa kiasi gani? Kama kipenyo ni sentimita 3 na pistoni inasafiri sentimita 5, ni 35 tu. Hewa inaisha kishale kikiwa hakijatoka. Kuanzia hapo kinajikokota, na nyuma yake kunakuwa na mvuto wa kukirudisha. Kata ibaki 25 au chini ya hapo. Bunduki ya kweli ina baruti inayoendelea kuzalisha gesi ndiyo maana mtutu mrefu unasaidia. Hii yako ina pumzi moja tu.

#4 Mzee wa Gereji
Fundi Bomba unaongelea mtutu wakati hatujui kama hewa inafika huko mtutuni. Mkazi, fanya hivi: koki, ziba mdomo wa mtutu kwa kidole gumba, halafu shika mkono wa kukokia, bonyeza kifyatulio na umrudishe pistoni taratibu kwa mkono. Usiachie. Kama hewa imezibwa vizuri utasikia anagoma, anashuka polepole kama pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo. Kama anateleza tu, unavuja.

Na hiyo tepu uliyozungusha, umezungusha kiasi gani? Vijana mnadhani tepu ikizidi ndiyo inaziba. Ikizidi pistoni inakwama ukutani, springi inamaliza nguvu kusuguana na silinda.

#5 Mkazi wa Sakina
Shikamoo mzee. Nimejaribu ya kidole: anagoma mwanzoni halafu mwishoni anateleza. Sijui hiyo ina maana gani. Tepu ni mizunguko michache.

@Fundi Bomba nimepima silinda kwa rula: kipenyo 3.2, safari ya pistoni 6.

#6 Meku Kiborloni
Watu wa Chuga bwana. Mnapiga hesabu za ujazo wakati vishale ni vya mtumba! Sponji ikikaa imebanwa ndani ya mfuko wa marobota inachukua umbo la yai. Kishale kipya cha Nerf kina unene wa karibu 12.7 mm, urefu 72 mm, uzito gramu moja. Chako kimeshaminywa, halafu umekiweka kwenye tundu la 13.2. Hewa inapita pembeni. Toka huko ulipo, nunua vishale vipya, uzi ufungwe.

#7 Fundi Bomba
Kwa vipimo vyake vipya silinda ina 48. Bado ni chini ya 55, mtutu wa kufaa ni sentimita 35, na hapo ni kama hakuna tone linalovuja. Kwa uvujaji alioueleza ni 25 ileile niliyosema. @Meku, kishale kikilegea kidogo si vibaya, msuguano unapungua.

#8 Mkazi wa Sakina
@Meku vishale ni vilevile vilivyokuwa vinagonga geti kabla sijafungua. Vingekuwa vibovu vingekuwa vibovu tangu mwanzo.

#9 Meku Kiborloni
Ndiyo, lakini mtutu wa kiwandani ulikuwa unavikamata. Huu mpya hauvikamati. Kishale kibovu na tundu pana ni kesi mbili zilizokutana. Ingiza kishale kwenye bomba, ligeuze mdomo chini. Kikidondoka chenyewe, nimeshinda.

#10 Mkazi wa Sakina
Kinadondoka.

#11 Meku Kiborloni
😂😂 Mangi hashindwi.

#12 Mama Pacha
Kabla hamjaendelea. Mimi ni nesi, nipo kitengo cha macho hapa Moshi. Mwaka 2017 madaktari wa Moorfields kule London waliandika kuhusu wagonjwa watatu, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 11, waliopigwa jichoni na vishale hivi hivi vya sponji. Wote walivuja damu ndani ya jicho, sehemu ya mbele, na kuona ukungu. Mtoto alikutwa na uvimbe hadi nyuma ya jicho. Nyie mnaongeza springi. Miwani ya plastiki ya mafundi wa grinda ipo kila duka la vifaa, haina bei. Kila anayecheza avae, si mpigaji peke yake.

#13 Dogo Mianzini
Mama Pacha kwa hali ilivyo bunduki ya Mkazi haiwezi hata kufika kwenye jicho, labda ulete uso kwenye koki ya maji.

#14 Mama Pacha
Ikitengemaa itafika. Na mtoto hapigi kutoka barazani, anapiga mwenzake akiwa mita moja.

#15 Ticha wa Fizikia
Mama Pacha yuko sahihi na namba zinamuunga mkono. Kishale cha gramu moja kikitoka kwa mita 20 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa kawaida wa hizi bunduki, kina nishati ya jouli 0.2. Mwendo ukiwa maradufu, mita 40, nishati inakuwa 0.8. Mara nne, si mara mbili. Yeyote asije hapa kupendekeza kuweka msumari au risasi ya nyavu kwenye ncha ili kishale kiwe kizito.

Sasa kwa Mkazi. Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza: unapiga ukiwa umenyoosha mlalo au unainua mtutu? Kutoka urefu wa bega, mita 1.5, kitu chochote kilichopigwa mlalo kinafika chini kwa sekunde 0.55. Kwa mita 20 kwa sekunde ni mita 11, na ukinzani wa hewa unazidi kupunguza. Zile mita 27 zilizoandikwa kwenye boksi za Nerf Elite ni kwa kuinua mtutu, si kwa kulenga sawa.

Sasa umefunga sentimita 40 za PPR mbele. Bomba hilo lina uzito, bunduki inainama. Ikiinama nyuzi tano tu chini bila wewe kujua, zile mita 11 zinakuwa 8. Hapo sijagusa springi wala hewa.

#16 Fundi Bomba
Ticha umetuletea kitu kipya. Lakini mtu mzima hawezi kutoona bunduki imeinama.

#17 Ticha wa Fizikia
Nyuzi tano ni kidogo kuliko unavyofikiri. Kwenye mtutu wa sentimita 40 ni tofauti ya sentimita tatu na nusu tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu springi ngumu inafanya kifyatulio nacho kiwe kigumu, kidole kinavuta bunduki nzima chini.

#18 Njiro Kwetu
Mmesahau hewa yenyewe. Arusha tupo juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi, pistoni inabana nini? Binamu yangu yuko Tanga, yake inapiga balaa.

#19 Ticha wa Fizikia
Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na pwani, hilo kweli. Moshi kama asilimia 8. Lakini hewa nyepesi pia inapunguza kinachokizuia kishale njiani. Sponji gramu moja inazuiwa sana na hewa, kwa hiyo huku juu ningetegemea kiende mbali kidogo zaidi.

#20 Meku Kiborloni
Na pia Mkazi alikuwa Sakina kabla ya kufungua na yuko Sakina baada ya kufungua. Au nyumba imepanda mlima Meru usiku?

#21 Njiro Kwetu
Haya, nimekaa.

#22 Msomaji Kimya
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa kizuizi cha hewa na ndicho kitu cha kwanza alichokitaja.

Kile kipini kina kazi mbili. Bila kishale kinaziba njia, ili mtoto asifyatue hewa tupu au kuchomeka penseli. Kishale kikiingia kinakisukuma, njia inafunguka, ila hewa inapita kwa kubanwa pembeni yake. Ukikitoa hewa inapita moja kwa moja, sawa. Lakini mambo mawili yanatokea. Pale kilipokuwa panabaki uwazi, na hewa inabidi ijaze uwazi huo kwanza kabla haijasukuma kishale. Na pili, ukifyatua tupu hakuna mto wa hewa unaompokea pistoni, anagonga ukuta wa plastiki kwa nguvu zote, tena wewe umemwekea springi mbili. Kichwa cha pistoni kinapasuka ufa ambao huuoni. Je, mmepiga tupu?

#23 Mkazi wa Sakina
Dogo aliwafyatulia wenzake tupu mchana kutwa kuwasikilizisha mlio.

#24 Msomaji Kimya
Basi fungua uangalie kichwa cha pistoni kwa tochi. Na "anateleza mwishoni" uliyosema #5 inaendana na ufa kuliko na tepu.

#25 Mzee wa Gereji
Au inaendana na silinda isiyo sawa. Hizi silinda za plastiki zinamiminwa kwenye kalibu, zinakuwa na kaupana upande mmoja ili zitoke kwenye kalibu. Mwanzo inabana, mwisho inalegea. Si lazima ufa.

Na hizo springi mbili: zimesokotwa upande mmoja au kinyume? Zikiwa upande mmoja koili za ndani zinaingia katikati ya za nje, zinashikana, zinasuguana. Ndiyo maana kwenye injini zenye springi mbili za vali, ya ndani na ya nje zinasokotwa kinyume.

#26 Mkazi wa Sakina
Zote upande mmoja mzee.

#27 Mzee wa Gereji
Ahaa.

#28 Fundi Bomba
"Ahaa" si ushahidi mzee wangu.

#29 Kibosho Boy
Mimi niliwahi kukata springi ya yangu nikaifupisha maana niliambiwa springi fupi ni ngumu zaidi. Ikawa ngumu kweli, lakini ikawa haifiki mwisho wa silinda, pistoni anafika robo tatu anakuwa hasukumwi tena. Kwa hiyo Mkazi angalia kama hiyo ya ndani ni fupi. Kama ni fupi inafanya kazi mwanzo tu.

Halafu mmepaka nini humo ndani? Mimi nilipaka Vaseline.

#30 Mzee wa Gereji
Vaseline inatokana na mafuta ya petroli. Oringi ikiwa ya naitraili, mpira wa kiwandani, itavumilia, ikiwa ya mpira wa asili itavimba. Grisi nyeusi ya beringi ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii, ni nzito, na baridi ya Julai ya Arusha ikiingia asubuhi inakuwa gundi. Tafuta grisi ya silikoni, ile mafundi wa maji wanayopaka kwenye koki. Tone dogo.

#31 Mkazi wa Sakina
Nimepaka ya beringi. Na tunacheza asubuhi.

#32 Dogo Mianzini
Nimehesabu, tuna sababu kama nane na bunduki moja. Mkazi funga kiwanda.

#33 Dada wa Shanty
Naomba kuchomeka langu samahani. Yetu ni ya betri, ina magurudumu mawili yanayozunguka. Inatumia AA nne. Kaka yangu anataka kuweka betri mbili za lithiamu za saizi ya 14500 kwa sababu zinaingia mlemle, na nafasi mbili zinazobaki azizibe kwa vijiti vyenye waya. Ni salama?

#34 Ticha wa Fizikia
AA nne ni volti 6. Lithiamu mbili zikiwa zimejaa ni 8.4. Mota itazunguka kasi zaidi, ila brashi zitaisha mapema. Kuna kidude cha kinga kwenye waya kinachokata umeme kikipata joto, ndicho kitakuwa kinazima kila baada ya muda. Watu hukitoa, ukikitoa gurudumu likinasa kishale mota inaungua. Na kuna mpaka: kishale kinasukumwa kwa kubanwa na magurudumu. Yakizidi kasi fulani yanateleza tu juu ya sponji, unapata kelele na kutafuna vishale bila mwendo kuongezeka.

#35 Fundi Simu Soko Kuu
Naongeza: hizo lithiamu za bei chee za kwenye tochi, zilizoandikwa uwezo mkubwa ajabu kwenye ganda, usiziweke kwenye kitu cha mtoto. Zinavimba. Na kuunga waya chomea kwa risasi ya kuyeyusha (solda), usisokote tu na kufunga selotepu.

#36 Njiro Kwetu
Narudi na jingine tofauti. Mnajua hizi Nerf aligundua Mmarekani mweusi, injinia wa NASA?

#37 Msomaji Kimya
Nusu kweli. Jina Nerf lilianza na mpira wa sponji wa kuchezea ndani ya nyumba, 1969, kampuni ya Parker Brothers, wazo la Reyn Guyer. Unayemsema ni Lonnie Johnson, aliyegundua bunduki ya maji ya Super Soaker. Baadaye ndiyo akafanya kazi kwenye bunduki za vishale pia. Mwaka 2013 Hasbro, kampuni yenye Nerf, waliamriwa kumlipa karibu dola milioni 73 za mrabaha.

#38 Dogo Mianzini
Milioni 73 za dola kwa maji na sponji. Na mimi nakaa Mianzini nasoma habari za oringi.

#39 Kibosho Boy
Mkazi, ukimaliza ipulizie rangi nyeusi ipendeze.

#40 Mama Pacha
Usipulize rangi. Ile ncha ya chungwa ina sababu, Marekani ni sheria kabisa. Gizani mlinzi wa kampuni hatakuuliza kama ni sponji.

#41 Ticha wa Fizikia
Turudi kwenye mada. Mkazi acha kupima kwa geti na koki. Weka bati mita 5 kutoka mdomo wa mtutu, washa kinasa sauti cha simu, piga. Fungua hiyo sauti kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, utaona mlio wa kifyatulio na mlio wa bati. Pima muda kati yake, toa sekunde 0.015 ambazo sauti ya bati ilitumia kurudi, gawanya 5 kwa muda uliobaki. Hapo unapata mwendo wenyewe, suala la kuinama halina nafasi.

#42 Mkazi wa Sakina
Wakuu nimerudi, asanteni. Nimekata bomba likabaki sentimita 24, nimepunguza tepu, nimefuta grisi ya beringi nikaweka ya silikoni. Kichwa cha pistoni nimekiangalia kwa tochi, kuna mstari, siwezi kuapa kama ni ufa au ni alama ya kiwandani. Springi zote mbili zimo. Nimepima kwa bati: muda ni sekunde 0.24.

#43 Ticha wa Fizikia
0.24 toa 0.015, gawanya: karibu mita 22 kwa sekunde.

#44 Dogo Mianzini
Si ndiyo ya kiwandani hiyo? Umefungua, umekata, umepaka, umekosa usingizi, umefika ulikoanzia.

#45 Fundi Bomba
Amefika kwa sababu ya kukata mtutu. Nilisema #3.

#46 Mzee wa Gereji
Amefika kwa sababu ya tepu na grisi. Umebadili vitu vitatu kwa mpigo, sasa kila mtu hapa anajisifu. Na bado springi zinashikana, ndiyo maana hajapita 22.

#47 Msomaji Kimya
Hajapita 22 kwa sababu ya huo "mstari".

#48 Meku Kiborloni
Na kishale bado kinadondoka chenyewe kwenye bomba, hakuna aliyegusa. Zungusha tepu moja ya karatasi ndani ya mdomo wa nyuma wa bomba, pale kishale kinapokaa, kikamatwe kidogo.

#49 Mzee wa Gereji
Mkazi, kile kipande ulichokata usitupe. Kiunge tena na soketi, acha mengine yote yalivyo, pima. Mwendo ukishuka, Fundi Bomba ana haki yake. Usiposhuka, anyamaze.

#50 Fundi Bomba
PPR inaungwa kwa moto mzee. Ikiyeyuka inaacha ukingo kwa ndani, kishale kitanasa hapo hapo. Ni anunue kipande kizima kipya.

#51 Mkazi wa Sakina
Dukani wanauza bomba zima la mita nne, hawakati.

#52 Meku Kiborloni
Panda basi uje Moshi. Nyuma ya nyumba yangu fundi ameacha vipande tele, na vishale vipya njia ni hiyo hiyo.

#53 Fundi Bomba
Asiende huko. Mkazi njoo inbox, nina kipande cha nusu mita kwenye boksi la vifaa, tukutane Kilombero Jumamosi. Na uje na hiyo bunduki, kukoki nitakoki mimi.